Sadaka ya Mtoto ni ya Nani?

Ndugu msomaji, jambo hili waliona kila Jumapili. Wimbo wa sadaka unapoanza, mama anafungua fundo la kanga au mkoba wake, anatoa sarafu mbili tatu, anawagawia watoto walioketi karibu naye. Watoto wanasimama, wanafuata mstari wa watu wazima, wanatumbukiza sarafu katika kapu, kisha wanarudi mahali pao wakitabasamu. Sisi sote twapendezwa. Twasema, tazama, watoto wetu wanafundishwa kutoa.

Nina swali dogo, nalo nawaomba wazazi wasilichukie. Sarafu ile ilikuwa ya nani? Ikiwa ilikuwa ya mama, basi aliyetoa ni mama, na mtoto amekuwa tarishi wake. Amebeba kitu kutoka mkononi mwa mama mpaka kapuni, mwendo wa hatua ishirini, wala hakupungukiwa na chochote. Anaporudi kitini anavyo vyote alivyotoka navyo nyumbani, na zaidi ya hayo amepata nafasi ya kunyoosha miguu baada ya mahubiri marefu.

Sisemi kwamba kazi ya tarishi haina maana. Mtoto anayezoea njia ya kwenda kapuni hataipotea akiwa mkubwa. Mazoea nayo ni mwalimu. Lakini yafaa tuangalie mwalimu huyu anafundisha nini. Mtoto aliyetoa cha mwenzake kwa miaka kumi hujifunza pia kwamba sadaka ni kitu kinachotoka kwa mtu mwingine. Waulizeni wazee wa kanisa wanaohesabu fedha vestrini. Watawaambia kwamba wako vijana wenye mishahara ambao bado wanatoa sarafu ile ile ya utoto, kana kwamba wanangoja mama afungue kanga.

Jirani zetu Waislamu wana desturi inayosaidia kuliona jambo hili wazi. Mwisho wa Ramadhani, kabla ya sala ya Idi, mwenye nyumba hutoa fitri, kipimo cha chakula kwa kila mtu aliye chini ya ulezi wake, hata kwa mtoto mchanga. Hakuna anayesema kwamba mtoto mchanga ametoa. Inajulikana kwamba baba amemtolea. Kwetu sisi mambo hayako wazi hivyo. Mzazi anatoa, mtoto anabeba, na kanisa zima linajiambia kwamba mtoto ndiye aliyetoa.

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alipobishana na mafundisho ya mwalimu wake Plato juu ya mali ya shirika, alieleza kwamba mtu asiye na kitu kilicho chake hana njia ya kuonyesha ukarimu. Sisi tuliopitia au kusimuliwa siku za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, twaweza kumbishia mengi mzee huyu. Katika hili naona ana neno. Kabla ya kumfundisha mtoto kutoa, hatuna budi kumpa nafasi ya kuwa na kitu.

Hapo wazazi wengi watanijibu, nasi tuna nini cha kumpa? Karo, sare, mafuta ya taa na unga vyenyewe havitoshi. Hilo ni kweli. Lakini mtoto wa maskini si lazima awe hana kitu. Ana kifaranga alichopewa na nyanya yake. Ana maembe aliyookota alfajiri, kabla ya wenzake kuamka. Ana tuta moja la viazi nyuma ya jiko, ana mpira alioufunga mwenyewe kwa matambara na kamba, ana mchana mzima wa Jumamosi. Swali ni kama vitu hivi ni vyake kweli. Katika nyumba zetu nyingi kifaranga ni cha mtoto, lakini kikishakua jogoo huwa ni mali ya baba. Mgeni akifika, jogoo anakamatwa na kuchinjwa, na mtoto anaambiwa asilie kwa maana mgeni ni baraka.

Nasadiki kwamba dhuluma ndogo hizi zinafanya kazi kubwa kuliko mafundisho yetu yote ya Shule ya Jumapili. Mtoto aliyenyang'anywa jogoo hakujifunza ukarimu. Alichojifunza ni kwamba mwenye nguvu huchukua, na kwamba kuchukua kunaweza kuitwa kwa jina zuri. Hata kama jogoo huyo alipelekwa kanisani siku ya Sikukuu ya Mavuno, akapigwa mnada pale nje chini ya mwembe, akanunuliwa kwa bei ya jogoo watatu huku watu wakipiga vigelegele, sadaka hiyo haikuwa ya mtoto. Ingekuwa ya mtoto kama baba angemwuliza kwanza, naye mtoto akakubali.

Ninayasema haya kwa sababu siku hizi watoto wetu wanafundishwa kutoa mahali pengine pia, nje ya kanisa. Nina maana ya vilabu vya huduma. Katika miji yetu mnavijua, Rotary na Lions na vinginevyo, ambavyo wanachama wake hukutana kwenye chakula na kuchanga kwa ajili ya visima, miwani, vitanda vya hospitali. Baadhi yetu ni wanachama. Wengine wetu huwatazama kwa shaka, tukisema hiyo ni sherehe ya matajiri. Yafaa tujue habari zao kabla ya kuwahukumu.

Klabu ya kwanza ya Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, alikuwa mgeni katika mji mkubwa na akaona upweke. Akakutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, na kwa zamu hiyo ya kuzunguka klabu ikapata jina lake. Mwanzoni walitafuta urafiki na kusaidiana katika biashara. Huduma ilifuata baadaye, na kazi yao ya kwanza kwa mji, mwaka 1907, ilikuwa kufanya mpango wa kujengwa vyoo vya watu wote. Napenda sana habari hii. Hakuna anayepiga picha mbele ya choo, lakini mtu aliyetoka shamba kuuza bidhaa zake mjini alikihitaji kuliko hotuba. Mwaka 1930 klabu ya namna hii ikaundwa Nairobi, katika siku za ukoloni. Lions walianza mwaka 1917, nao pia Chicago. Mwaka 1925 Helen Keller, mama yule asiyeona wala kusikia, aliwaomba wawe watetezi wa vipofu, na mpaka leo kazi ya macho ni sehemu kubwa ya kazi yao. Nisifiche upungufu. Ilikuwa mpaka miaka ya 1987 na 1989 ndipo vilabu hivi vilipowakubali wanawake kuwa wanachama kamili. Umoja wa Mama katika Kanisa letu ulikuwa umekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 100.

Kazi iliyowajulisha Rotary duniani ni ile ya polio, ugonjwa wa kupooza. Walianza na watoto wa Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 wakaahidi kuchangia chanjo ya watoto wa dunia nzima. Mwaka 1988 mataifa yalipokubaliana kuung'oa ugonjwa huo, ulikuwa unapooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi 125. Mwezi wa Agosti 2020 bara letu la Afrika lilitangazwa kwamba halina tena virusi vya asili vya polio. Mwaka 2022 virusi vilivyotokea Pakistan vilionekana Malawi na Msumbiji, kwa hiyo wachanjaji walilazimika kurudi tena nyumba kwa nyumba na vichupa vyao vya matone. Wasomaji wenye umri wangu wanawakumbuka wenzao wa shuleni waliotembea kwa magongo. Watoto wa leo hawawaoni darasani mwao.

Lakini habari hii ya polio ina mwanzo wake, na mwanzo huo unawahusu watoto wenyewe. Rais Roosevelt wa Marekani aliugua ugonjwa uliotambuliwa kuwa polio mwaka 1921, na miguu yake haikupona. Mwaka 1938 ukaundwa mfuko wa kupigana na ugonjwa huo, na watu wakaombwa kupeleka dime, yaani sarafu ya senti 10, moja kwa moja kwa Rais. Bahasha zikafurika Ikulu yao. Zilifika sarafu zaidi ya milioni mbili, na nyingi zilitoka mikononi mwa watoto. Fedha za mfuko huo ndizo zilizogharimia utafiti wa Daktari Jonas Salk, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo yake inafaa.

Kabla ya siku hiyo kulikuwa na utoaji mwingine unaonigusa zaidi. Mwaka 1954 chanjo ilipaswa kujaribiwa, na walioshiriki walikuwa watoto wa shule, zaidi ya milioni moja. Kuna waliodungwa chanjo, kuna waliodungwa kimiminika kisicho na chanjo, kuna waliotazamwa pasipo kudungwa. Wengi walionyoosha mkono kwa sindano hawakujua wamepata ipi. Ni kweli, wazazi ndio waliotia sahihi, na sitasema kwamba mtoto wa miaka saba alifahamu yote. Lakini mkono ulikuwa wake, na maumivu pia. Huwezi kumkopesha mtoto maumivu ya sindano kama unavyomkopesha sarafu ya sadaka.

Vilabu viliona mapema kwamba yafaa watoto wawe na klabu zao. Lions walianzisha za Leo mwaka 1957, na Rotary wakaanzisha Interact mwaka 1962 kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zetu kadhaa zinazo. Mpango wa Interact ni mzuri. Kila mwaka wanafunzi wafanye walau kazi mbili, moja kwa ajili ya shule au mji wao, nyingine ya kuleta maelewano kati ya mataifa, nao watafute fedha zao wenyewe. Neno hilo la mwisho ndilo la maana. Vijana wanaoosha magari Jumamosi, au wanaouza karanga walizokaanga, wakipata shilingi 20,000, shilingi hizo ni zao. Wamezilipia kwa viganja vyao. Wakizitoa, wametoa.

Kwa bahati mbaya, mara nyingi mambo huenda kwa njia nyingine. Wazazi wananunua sabuni, sukari na daftari. Watoto wanavalishwa fulana mpya. Basi linakodiwa mpaka nyumba ya watoto yatima. Watoto wa huko wamepangwa mstari tangu saa tatu asubuhi, nao wanaimba. Kisha kila mgeni anamkabidhi mwenyeji mmoja kifurushi, wote wawili wakitazama kamera, na hawaachilii kifurushi mpaka mpiga picha aseme sawa. Saa sita basi linaondoka.

Hebu tuwaze habari za watoto hawa wawili walioshika kifurushi kimoja. Mmoja ana miaka kumi na miwili, na mwingine ana miaka kumi na miwili. Anayetoa hakununua kitu. Ni tarishi yule yule wa Jumapili, ila leo amepigwa picha. Anayepokea ametoa kitu kikubwa, kwa maana ametoa uso wake utazamwe na watu asiowajua, wamjue kuwa ni yatima. Ukipima kwa mizani ya haki, waonaje? Nani kati ya hao wawili ametoka pale na upungufu?

Hata mfuko ule wa Marekani haukuepuka jambo hili. Kuanzia mwaka 1946 walibandika kila mwaka picha ya mtoto mmoja mgonjwa wa polio, mwenye magongo na vyuma miguuni, ili watu waone huruma watoe. Watu walitoa, na chanjo ikapatikana. Siwezi kusema kwamba picha hazikufaa kitu. Nasema gharama yake ililipwa na mtoto, wala haikuandikwa katika hesabu.

Bwana wetu alitukataza kupiga panda mbele yetu tunapotoa sadaka, na wengine watasema kwamba kwa neno hilo vilabu vyote vimekwisha kuhukumiwa, kwa kuwa vinaandika majina yao kwenye visima na vitanda. Sikubaliani nao upesi hivyo. Fedha ya watu wengi haiwezi kukaa gizani. Mtume Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuichukua peke yake; alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu. Kwa hiyo hesabu na itangazwe, tena kwa sauti kubwa, senti kwa senti. Kinachopaswa kufichwa ni uso wa anayepokea. Klabu ikija kwetu na taarifa ya fedha bila picha hata moja ya mtoto mwenye machozi, nitaiamini zaidi.

Katika barua hiyo hiyo ya pili kwa Wakorintho kuna habari ambayo kwa kawaida tunaipita haraka. Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika umaskini mkubwa. Pengine Paulo alitaka kuwahurumia asiwadai kitu. Wao ndio waliomsihi awape ruhusa ya kuchangia. Waliona kwamba kuachwa nje ya utoaji ni kunyimwa neema. Basi nauliza kuhusu wale watoto walioimba mstarini: ni nani aliyewapa ruhusa ya kutoa? Waligeuzwa kuwa mahali pa kutolea tu, kama kapu. Lakini nao wana bustani, wana nyimbo, wana mchezo wa bao ambao wageni hawaujui, wana uji wao wa saa nne. Nimesikia walezi wakiwaambia wageni, "Msijali, sisi tutakula baadaye," na wageni wakashukuru kwa kuwa walikuwa wamebeba chakula chao ndani ya basi. Sisi tunamfundisha mtoto tangu anapoanza kutembea kwamba apokee kwa mikono miwili. Mtu anayekwenda kwa mwenzake na sukari kilo mbili, halafu akakataa kikombe cha uji, amepokea kwa mkono gani?

Kwa hiyo, kama vijana wetu wataendelea na ziara hizo, ningeomba waende bila fulana, waende watano badala ya hamsini, waende mara kumi badala ya mara moja, na siku za kwanza waende mikono mitupu kulima pamoja na wenyeji na kula walichopika. Sukari itafuata. Itakuwa imetoka kwa mtu anayejulikana kwa jina kwenda kwa mtu anayejulikana kwa jina, na huenda mwezi unaofuata mchicha ukarudi kwa njia ile ile.

Limebaki jambo moja, ambalo najua litaleta ubishi mtaani. Ikiwa kitu ni cha mtoto kweli, basi mtoto ana haki ya kukataa kukitoa. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata alipokwisha kuliuza thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Ikiwa mtu mzima aliachiwa uhuru huo mbele ya Mitume, mtoto wa Shule ya Jumapili anyimwe kwa sababu gani? Mtoto anayepewa shilingi 200 zake, akaambiwa ni zake, kisha akakaripiwa kwa kuzinunulia mandazi, hakupewa kitu. Alijaribiwa tu. Na watoto wana akili. Wanajua mtihani ukija wanafanya nini. Wanatoa kwa uso wa furaha, kama Anania, na nusu imefichwa kwenye soksi.

Mwalimu mmoja atasema, tukiwaacha hivyo hawatatoa kamwe. Labda wiki ya kwanza hawatatoa. Labda na ya pili. Mtoto asiyejua ladha ya kitu chake hawezi kujua amempa mwenzake nini. Aliyekula andazi lake lote peke yake, akamwona mwenzake akimeza mate, amepata somo ambalo mimi siwezi kuliandika katika gazeti hili.

Kwaresima hii, kama ilivyo desturi, watoto watapewa visanduku vya kuchangia. Ombi langu kwa wazazi ni kwamba msitie kitu ndani kwa niaba yao, wala msivitikise kusikiliza kama vimejaa. Mkitaka kuwapa kazi za kulipwa, kuteka maji ya ziada au kupukuchua mahindi, wapeni, na malipo wayapate mkononi, si kisandukuni. Ombi langu kwa walimu ni kwamba watoto wenyewe wakae pamoja waamue fedha ziende wapi. Wakichagua kumnunulia mpira mwenzao aliyevunjika mguu badala ya kupeleka mahali tunapopapenda sisi, fedha ziende huko. Jumapili ya Matawi meza itawekwa karibu na mlango, pasipo orodha ya majina. Kisanduku kitakachorudi chepesi kitapokelewa sawa na kizito, na kile ambacho hakikurudi hakitaulizwa.